Erchie Gillanders, Aliyewafundisha Kupiga kwa Sauti Moja

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Crieff, na ninyi wa Bendi ya Zumari ya Strathellan mliojipanga ukutani kule nyuma na sketi zenu za kilti, naitwa Ishbel, dada yake marehemu anayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Shemeji yangu Effie ameniomba nisome kwa upole, nami nimemwambia nitajaribu.

Marehemu Archibald Gillanders, ambaye wote mlimwita Erchie, alizaliwa tarehe 14 Novemba 1948 hapa hapa Crieff, mtoto wa kwanza wa mzee Duncan na mama Jessie, akaanza shule mwaka 1953, akaiacha mwishoni mwa mwaka 1963, si kwa ujinga, ila baba alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa na nyumba ilihitaji mkono wa kuilisha, naye akapanda ngazi ile ile ya baba, akawa fundi wa kuezeka vigae vya mawe mpaka alipostaafu mwaka 2013, na kama kanisa hili halivuji leo kwa mvua yote hii, mshukuruni yeye.

Tarehe 8 Juni 1974 alifunga ndoa na Effie Rattray mbele ya madhabahu haya, wakajaliwa mabinti wawili, Elspeth mwaka 1976 na Mhairi mwaka 1979, waliojifunza kulala fofofo huku baba yao akipuliza zumari jikoni.

Sasa hiyo zumari, maana bila hiyo nitakuwa nimesoma historia ya mtu mwingine. Kwa msiowahi kuishika, ni mfuko wa hewa unaobanwa kwapani, wenye filimbi ya kuchezea wimbo kwa vidole, na mabomba ya begani yanayovuma sauti moja bila kukoma. Aliingia bendi akiwa kijana, akakabidhiwa uongozi mwaka 1985, wakati ambapo kila mpigaji alipiga lake na mji mzima ukitutania kwamba Strathellan ni paka waliofungwa kwenye gunia moja, naye akawanyang'anya wote filimbi zao, akawapa zilizotengenezwa na fundi mmoja, akawachongea ndimi za tete zinazotoa sauti kwa kisu chake mwenyewe, akawapanga duara na kuwapitia mmoja mmoja, akizungusha yale mabomba marefu ya begani mpaka mvumo wa wote ukawa mvumo mmoja, na akakataza wimbo wowote usipigwe kabla mtu hajajua kukandamiza mfuko wake kwa nguvu ile ile, mwanzo hadi mwisho. "Acha kujisikiliza, bwana wee, msikilize jirani yako!" ndivyo alivyofoka kila Jumanne na Alhamisi, na mwaka 1992 paka wale wakaleta kombe.

Wenye bendi wanajua, na wasiojua nitawaambia, kwamba kwenye mashindano idadi ya wapigaji lazima itimie, kwa hiyo ambaye vidole vyake vinachelewa huwekewa kizibo ndani ya filimbi, akaingia uwanjani amejaza mfuko, mabomba yakivuma, vidole vikicheza, na wimbo hautoki. Si aibu. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikipiga kwenye bendi hii, Erchie alinizibia mwaka 1994, lakini alikuja nyumbani wiki nzima kabla, akaketi, akasema, "Ishbel, vidole vyako vimelala, Jumamosi utavuma tu," nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya Mchungaji, akaomba kikombe cha pili cha chai, yakaisha. "Mtu huambiwa usoni," alisema, na hiyo ndiyo sheria pekee ambayo sikuwahi kumwona akiivunja.

Mwaka 2009 alimkabidhi bendi Ruairidh Tulloch, ambaye Erchie alimfundisha tangu kijana huyo ana miaka minane, aliyekula supu ya shayiri kwenye meza ya Effie mpaka tukaamini Mungu ametupa mtoto wa kiume, naye Erchie akarudi kwenye mstari kama mpigaji wa kawaida, wa tatu kutoka kulia, bila kinyongo.

Tarehe 27 Agosti 2016, kwenye mashindano huko Dunoon, Ruairidh alichukua filimbi ya Erchie kana kwamba anaikagua, akairudisha akitabasamu, akasema, "Iko safi, Mzee," na wakaingia uwanjani, mabomba yakavuma, na wimbo ulipoanza kaka yangu akakuta filimbi imezibwa, ana bubu mkononi. Angeweza kutoka, na bendi ingekwisha pale pale. Hakutoka. Alicheza kila noti kwa vidole, kimya, huku mkitumia mvumo wake, maana hakuna aliyemshinda kwa mvumo, mkashinda, mkaimba kwenye basi njia nzima, na hakuna hata mmoja aliyemtazama machoni. Lililomuua moyo si kizibo, jamani, kizibo alikijua kuliko ninyi. Ni kwamba mlikubaliana wote Alhamisi ya mazoezi kabla ya Dunoon, ukumbini, naye yuko jikoni nyuma ya ukuta, akiwachongea ndimi zenu, na hakuna aliyeingia kumwambia. Hakupuliza tena. Watu walipomuuliza alisingizia mgongo.

Oktoba 2021 aligundulika na maradhi ya mapafu, akatibiwa Perth, na tarehe 9 Machi 2023, asubuhi, nyumbani kwake, Effie akiwa amemshika mkono, akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea chakula na makaa, na mafundi wenzake watakaombeba leo.

Bendi imeomba kumpigia kaburini, na mimi ningewafukuza, sifichi, lakini Erchie mwenyewe aliniambia, "Waache wapige, Ishbel, wanapiga vizuri," kisha akanituma neno moja, nilisome mbele ya watu. Ruairidh, hilo ni lako. Utasimama nafasi yake, wa tatu kutoka kulia, utajaza mfuko, utavuma, utacheza kila noti, na filimbi yako itakuwa imezibwa. Kizibo ni kile kile cha Dunoon, alikitunza, ninacho hapa mkononi, njoo ukichukue.

Kaka, ameambiwa usoni. Sasa pumzika kwa amani.