Pete ya Shaba Kwenye Dele la Sauda

Kwenye benchi la Sauda muuza kahawa, chini kidogo ya boma la Biharamulo, asubuhi hiyo kulikuwa na maajabu mawili: dele la kahawa lilikuwa limeacha kuvuja, na lori la Abbasi lilikuwa tayari kwa safari. Saidi, aliyeitwa Spana kwa sababu alimiliki spana moja tu, alijua maajabu hayo yalikotoka. Jana alimsaidia Abbasi kufunga mpira mpya wa breki, ule upitishao mafuta hadi gurudumuni. Kwenye kiungo chake akakuta pete mbili za shaba, moja akaidhania ni pambo tu. Akaitia mfukoni, na jioni akaikaza kwenye nati ya mkono wa dele, palipokuwa pakivuja. Sauda akacheka, akamwita fundi wa mji. Tangu hapo Spana hakutembea, alielea.

Sasa mafuta ya breki yalikuwa yakidondoka kwenye kiungo kile, na abiria wa Ngara walikwishapanda.

— Mpira wa Mwanza huo, alisema mzee Gozbert, aliyekuwa tarishi wa boma. Umezoea joto la ziwa. Huku umepata baridi, unatoa kamasi.

— Kamasi tupu, mzee! Spana alidakia, huku akiligeuza dele ili nati isionekane.

— Ufungeni kwa maganda ya mgomba, alisema Nyandwi, muuza pombe ya ndizi. Mtungi wetu wa pombe haujavuja hata siku moja.

— Pombe haina breki, Nyandwi, alisema Abbasi.

— Ndiyo maana tunaufunga sana!

— Enzi ya Mjerumani, alisema Gozbert, gari halikuhitaji mafuta hayo. Likiamriwa simama, linasimama.

Abbasi akaweka kikombe chini.

— Basi, nitashuka mlima polepole. Breki ya mkono ipo.

— Fundi wangu, wewe wasemaje? Sauda alimuuliza Spana, akimsogezea kikombe cha bure.

Spana akakisogeza kikombe pembeni.

Ndipo akashuka kutoka lorini mama mmoja, Rozalia wa Ngara, mtoto mgongoni.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Naombeni mniambie. Gari likikataa kusimama mlimani, mwenye mtoto akae upande gani?

Gozbert akaangalia kucha zake.

Spana akachomoa spana. Akalivuta dele, akafungua nati. Pete ikamwangukia kiganjani, ya moto, na kahawa ikaifuata, ikammwagikia mguuni mpaka tone la mwisho.

— We Saidi! Sauda akapiga ukelele. Ufundi gani huo?

Hakujibu. Alikuwa akirukaruka kwa mguu mmoja kuelekea kwenye lori, pete mkononi, akipaza sauti abiria wote wateremke.