Muzee Hippolyte na Ndege wa Mwezi wa Tatu

Wachungaji wetu, majirani, na ninyi nyote mliolala nasi kwenye matanga, familia imenituma mimi Didier, mdogo wake, niwasomee maisha ya muzee wetu Hippolyte Ngadjole, na nitasoma polepole maana macho hayajakauka.

Hippolyte alizaliwa tarehe 9 Juni 1968 karibu na Fataki, katika Djugu, akasoma hukohuko hadi kupata Diploma ya Serikali mwaka 1989, akawa mwalimu wa biolojia, na tarehe 6 Agosti 1994 akafunga ndoa na Léontine, Mungu akawajalia Nadège na Fabrice. Vita vilipowafukuza mwaka 2018, alikimbilia hapa Bunia na darubini yake shingoni, godoro akalisahau, na Léontine hakuacha kumdai godoro hilo.

Kila mwezi wa tatu, mbayuwayu na korongo wanapopita juu yetu kurudi Ulaya, alikusanya wanafunzi, wakimbizi wenzetu na wageni, akawaongoza alfajiri hadi mto Shari, awaoneshe nani anapita na anakwenda wapi. Léontine hakwenda hata mara moja, alisema haamki gizani kwa ajili ya ndege asiyeingia chunguni.

Mwaka jana ugonjwa wa ngiri ulianza kumsumbua, waganga wa hospitali ya Nyankunde wakampangia kupasuliwa tarehe 10 Machi 2025 na kumkataza kupanda vilima, mkewe akafunga mizigo, lakini yeye akasema, "Munganga atanigojea, ndege hawatanigojea." Sikio la kufa halisikii dawa, na siye tuliomcheka ndio tunaolia leo.

Jumamosi tarehe 22 Machi Léontine alimfuata kwa mara ya kwanza, kwa hofu, akitembea nyuma yake. Korongo walitokea juu ya mto, wengi, wakizunguka polepole, watu wote wakainua nyuso kama alivyowafundisha, ndiyo maana hakuna aliyemwona akikaa chini kwenye majani isipokuwa mkewe. Hakuweza kusema kwa maumivu, akamwonesha mbingu kwa mdomo, kama tunavyooneshana siye watu wa hapa, atazame juu, lakini Léontine alikataa, akamshika na kumtazama yeye tu.

Alipasuliwa siku hiyohiyo hapa Bunia, na akatutoka Jumatatu tarehe 24 Machi.

Tunawashukuru waganga waliohangaika naye, walimu wenzake, vijana waliombeba kutoka mtoni, na majirani waliotuletea kuni na maji. Wengi wameuliza kama matembezi ya mwezi wa tatu yataendelea, Nadège amekubali kuyaongoza, lakini mama yake anaomba asialikwe, kwa sababu ndege hao bado hajawasamehe.

Hippolyte, kaka yangu, pumzika sasa kwa amani ya Bwana.