Aprikoti za Kinyozi

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na halijawahi kukaliwa na mtu asiyejua jibu. Ndani, kiti cha kunyolea kiko bure tangu asubuhi. Nje wamebanana: Spana, fundi baiskeli, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi; Dokta, ambaye udokta wake ni kufagia duka la dawa mpaka walipomwachisha kazi, naye ana kofia; na Shangazi wa kahawa, kilemba kimekazwa kama mdomo wa gunia. Jua linachoma. Kinyozi mwenyewe kakaa pembeni na kipakiti cha aprikoti zilizokaushwa, anatafuna mojamoja kama dawa, maana kwake ndiyo dawa. Siku hizi mstari wa nywele za mbele anaukata kwa kupapasa na kidole gumba. Hajamwambia mtu. Anajua tu kwamba siku watakapogundua, atarudi kwa shemeji yake kufyatua matofali.

— Hivyo vinafanana na masikio, alisema Spana. — Umemkata nani?

— Ni matunda haya. Aprikoti. Dada wa supamaketi kaniambia yanasaidia macho.

— Macho yana nini? Shangazi aliuliza, haraka kidogo.

— Hayana kitu. Yanachoka tu jioni.

Ilikuwa saa nne asubuhi.

— Mwache ale, alisema Dokta. — Mle kuna vitamini A. Inaingia mdomoni, inapanda kwa nyuma ya pua, ikifika machoni inafuta vumbi. Kama waipa za gari.

— Na kama vumbi hakuna? Spana aliuliza.

— Inashuka tumboni, inafungua choo.

— Kwa hiyo tunda lenyewe linafika njia panda linauliza, alisema Shangazi akimimina kahawa.

— Cheka tu. Ungekuwa unakula, hiyo ngozi yako ingekuwa ya mtoto.

— Ngozi yangu imekukosea nini, Dokta?

Spana alichukua moja, akaimeza, akakodolea macho ng'ambo ya barabara.

— Tayari inafanya kazi. Naisoma namba ya ile gari.

— Ile gari haina namba, alisema Kinyozi.

Spana aliitazama tena namba ya gari. Akamtazama Kinyozi.

— Kweli bwana, haina. Zimenizidi nguvu hizi.

— Moja haitoshi, Dokta akadakia upesi. — Kuna dereva alimaliza kilo nzima, akaanza kuona nyuma ya kona. Akauza vioo vyake vya pembeni.

— Huyo mdogo, alisema Shangazi. — Kuna bibi mmoja aliwaona wakwe zake hata basi hawajapanda. Akafunga mlango, akalala zake.

— Kwa hiyo hata mimi nakula gunia, alisema Spana.

Kinyozi alicheka na wenzake, akatia nyingine mdomoni. Moyoni alitamani iwe kweli, hata ile ya kona.

Hapo ndipo alipotokea kijana mmoja, shati limepigwa pasi, nywele zimemjaa kama kichaka.

— Shikamooni wakubwa. Kesho nina usaili wa kazi, namtafuta kinyozi.

— Ndiye mimi. Karibu.

Kijana hakuingia. Aliwaangalia wale watatu mmojammoja.

— Samahani, nauliza tu. Jua lote hili, mbona mmefunika vichwa?

Benchi lililojua vitamini inapita wapi likageukia kahawa. Dokta alizama kwenye kikombe. Shangazi akaanza kufuta birika lililokuwa linang'aa.

Kinyozi alisimama, akaishika kofia ya Spana.

— Usinivue, mwanangu. Nina mafua.

Akamvua. Akasogeza uso mpaka pua zikakaribia kugusana, kisha akapitisha kidole gumba. Mstari ulianza vizuri kwenye sikio la kushoto, ukapanda mlima, ukapotea, ukafufuka juu ya jicho la kulia.

— Na ulijitazama kwenye kioo, ukasema safi.

— Ilikuwa safi, alisema Spana polepole. — Sikusema imenyooka.

Kinyozi hakumgusa Dokta. Kilemba cha Shangazi hata hakukiuliza. Alikunja kipakiti chake, akakitia mfukoni.

— Kijana, mimi leo sikunyoi. Usije ukaikosa hiyo kazi. Nenda kwa yule wa jirani na kituo cha mafuta, mwambie nimekutuma mimi.

Kijana alishukuru, akaenda. Kinyozi akaligeukia benchi.

— Hospitali ya macho wanafunga saa ngapi?

— Saa tisa, walijibu wote watatu kwa mpigo.

Aliwatazama, vivuli vitatu vinavyomkwepa macho. Spana alikuwa keshageuza baiskeli, anafuta kiti cha nyuma kwa kiganja.

— Panda.

Kinyozi alipanda, akamshika kiuno, kisha akamrudishia ile kofia.

— Vaa kwanza. Njiani kuna watu.