Mama Chaki na Safari ya Kwanza ya Kipimo Kipya

Ndugu mwenyekiti, wafanyakazi wenzangu, na familia ya mstaafu wetu,

Leo, tarehe thelathini, saa kumi kamili alasiri, fundi mkuu wa magurudumu wa karakana yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Wengi mnamfahamu kwa jina la Mama Chaki. Madereva humwita shangazi, hata wale waliomzidi umri, hasa wanapotaka kitu. Nimepewa heshima ya kusoma wasifu wake, na kamati imeninong'oneza nisiwe na haraka, kwa kuwa mkuu wa usafiri, ambaye ndiye wa kumkabidhi cheti, hajafika. Yumo ndani ya Gari Namba Nne la kliniki tembezi, pamoja na dereva, daktari na mkunga. Gari hilo lilitarajiwa jana jioni. Ng'ambo ya mto hakuna mtandao wa simu, kwa hiyo hatuna habari zake. Limefungwa matairi ya kipimo kipya, na aliyekichagua kipimo hicho ni Mama Chaki.

Mnaojiuliza kwa nini mgeni wetu wa heshima hajagusa chakula, jibu ndilo hilo.

Aliajiriwa kufagia stoo ya vipuri. Katika mwaka wake wa kwanza aliona jambo ambalo mafundi wanne walikuwa wamelipita kila siku: matairi yaliyorudishwa kutoka magari ya rimu mpya yalikuwa yameliwa upande mmoja tu. Alimweleza fundi mkuu wa wakati huo kwamba rimu zile zilichomoza nje kupita kiasi, kwa hiyo uzito wa gari haukukaa juu ya beringi bali ulining'inia nje yake. Fundi mkuu alicheka hadi akaketi. Kisha akachukua futi, akapima, akaacha kucheka. Juma lililofuata ufagio ulipata mwenyewe mwingine.

Kwa wanafamilia, ambao kwa miaka yote hii wamesikia namba mezani bila kuelezwa, niseme kwa ufupi. Ubavuni mwa tairi mna namba tatu. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili inaeleza ukuta wa tairi ni asilimia ngapi ya upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukiinua tairi, gari linapanda juu ya mawe, lakini mita ya mwendo inaanza kudanganya na injini inachoka mapema mlimani. Ukilipanua, linakanyaga mchanga bila kuzama, lakini usukani unakuwa mzito na tairi linaweza kulamba madigadi kwenye kona. Kila unachoongeza kinadai kitu mahali pengine. Mama Chaki aliwahi kusema kwamba kazi yake ni kukisia gari litamdai wapi, kabla halijafika huko.

Jina lake linatokana na utaratibu wake. Kabla ya kukubali kipimo chochote, husaga chaki, huichanganya na maji, huipaka ndani ya madigadi yote manne, kisha huamuru gari lipande gurudumu moja juu ya kifusi cha nyuma ya karakana huku usukani ukikatwa hadi mwisho. Baada ya hapo huingia chini kwa tochi. Pale chaki ilipofutika, tairi limegusa. Na lililogusa hapa gari likiwa tupu litachanika kule gari likiwa na mzigo. Aliwahi kulirudisha gari moja mara sita kwa alama isiyozidi ukucha. Madereva walimkejeli bila huruma. Mmoja alimuuliza mbele ya karakana nzima: "Shangazi, hilo tairi unalipima au unaliposa?" Akajibu kutoka uvunguni: "Naliposa. Ninyi ndio mtakaolala nalo njiani."

Kwa utumishi wote huo amebadilisha kipimo cha magari yetu mara nne tu, na kila mara, gari la kwanza lilipotoka, hakukaa. Hufanya kazi zote wima, karibu na geti, hadi lirudi. Mumewe, ambaye yuko nasi hapa, ameniambia kwamba mkewe akichelewa kurudi haulizi yuko wapi. Huuliza leo limetoka gari gani.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu wa namna hii kwa kawaida huruka. Mstaafu wetu alikubali sherehe hii kwa sharti moja, kwamba jambo hili lisomwe.

Katika mwaka wake wa kumi na mbili alilipandisha Gari Namba Mbili kipimo. Matairi manne yalibadilishwa, chaki ikapakwa, kila kitu kikawa sawa. La tano, la akiba, lilikuwa jipya, halijawahi kugusa ardhi, ila lilikuwa la kipimo cha zamani. Lilionekana zima mno kutolewa, likaachwa mgongoni mwa gari. Siku ya tatu ya safari tairi moja la nyuma lilipasuka, dereva akafunga la akiba kama ambavyo dereva yeyote angefanya, akaendelea. Tofauti ya kipenyo ilikuwa milimita thelathini na nne. Magurudumu yakawa yanazunguka kwa hesabu mbili, difu, gia inayogawa mwendo kwa magurudumu ya nyuma, ikapata moto, ikakamata katikati ya tope. Ndani ya gari alikuwamo mama mwenye uchungu wa kujifungua. Alibebwa kwa machela kwa saa saba. Mama aliokoka. Mtoto hakuokoka.

Hakuna kamati iliyomlaumu, kwa sababu hakuna kanuni wakati ule iliyotaja tairi la tano. Kanuni hiyo, ambayo leo imebandikwa katika kila karakana ya huduma yetu, aliiandika yeye mwezi uliofuata, kwa mkono, katika sentensi mbili. Tangu siku hiyo hakuna gari lililovuka geti letu bila yeye kulizunguka hadi nyuma na kuweka kiganja juu ya tairi la akiba. Wageni hudhani ni mazoea.

Tulilo nalo leo lilianza miezi miwili iliyopita. Njia ya ng'ambo iliharibika, na magari yakawa yanagusa mawe kwa tumbo. Ilikuwa lazima kupanda kipimo kabla ya mvua. Matairi mawili yalishindana, yote yakifaa rimu za inchi kumi na sita, na kwa urefu yakitofautiana kwa milimita mbili tu. Moja lilikuwa na upana wa milimita mia mbili sitini na tano. Jingine, mia mbili thelathini na tano. Mkuu wa usafiri alitaka pana, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: kabla ya mto kuna mchanga wa kilomita tisa. Mama Chaki alitaka jembamba, kwa kuwa baada ya mto kuna udongo wa mfinyanzi. Walibishana mbele yetu siku tatu.

"Mama, tairi pana lina unyayo mkubwa. Litaelea."

"Bosi, kwenye mfinyanzi sitaki lielee. Chini ya lile tope kuna ardhi ngumu, nataka tairi linaloifikia. Mchangani watapunguza upepo."

"Na wakisahau kupunguza?"

"Basi watachimba. Kuchimba wanarudi. Kuteleza kwenye kingo za mto hawarudi."

Aliongeza kwamba tairi pana lingedai rimu pana zaidi, na rimu zile zingechomoza nje, na hapo tungekuwa tumerudi kwenye beringi za mwaka wake wa kwanza. Mkuu wa usafiri aliinua jalada lenye ombi la kipimo hicho, akaliweka chini, akasema kwamba yeye angali na wasiwasi. Mama Chaki akasema kwamba hata yeye anao, ila wa kwake ni mwembamba. Ndipo jalada likatiwa sahihi. Na asubuhi gari lilipokuwa linaondoka, mkuu wa usafiri alitokea na mkoba wake, akafungua mlango wa nyuma, akaketi kati ya daktari na masanduku ya chanjo. Alisema kwamba kama kipimo hicho kinafaa kubeba mkunga, kinafaa kumbeba na yeye.

Hatujui kilichowachelewesha. Huenda ni mto uliojaa, huenda ni wagonjwa wengi, huenda ni chaguo lile. Fundi anayerithi nafasi yake ameandaa gari la kuwafuata, litakaloondoka kesho alfajiri kama itabidi. Mstaafu aliomba awemo. Kanuni za utumishi haziruhusu, na kumweleza hivyo kulikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Mama Chaki, kwa niaba ya wote waliofika walikokuwa wakienda bila kujua kwa nini walifika, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa chaki, kwa ukaidi, na kwa kutukatalia pale ambapo ingekuwa rahisi kukubali. Upate afya, upate usingizi mzito, upate asubuhi ndefu na mzee wako zisizo na mlio wa injini wa kusikiliza. Tunakuombea heri katika kila siku iliyo mbele yako.

Sehemu ya cheti haitafanyika hadi wa kukikabidhi apatikane. Kamati imekubaliana pia kwamba hakuna hotuba nyingine. Safari tatu zilizopita ulizisubiri peke yako, umesimama. Naomba sasa, kwa heshima zote, kila mmoja wetu anyanyuke, ageuze kiti chake kielekee getini, kisha aketi. Na wewe, Mama, leo ukae nasi.