Papa Chrispin Zagabe, mwenye alionja Bukavu yote

Wapendwa ndugu, majirani wa Nyalukemba, na ninyi wenye mumetoka Luvungi na Kavumu na njia hii mubaya, familia imeniagiza mimi Josué, mudogo wa marehemu, niwasomee maisha yake, na kama nitapitisha chumvi kidogo pahali fulani mutanisamehe, maana yeye mwenyewe hakupenda kitu ya bila chumvi.

Chrispin Zagabe alizaliwa Luvungi, tarehe 9 juin 1969, mutoto wa kwanza wa Muzee Jean-Baptiste na Maman Christine, wakulima wa mupunga, na kwetu inasemekana kwamba siku ya kumuachisha ziwa walimupa uji ya muchele wa dukani, akaitema, wakamupa ya shamba letu, akameza, na tangu pale kila mutu alijua kwamba mutoto huyu iko na ulimi.

Alisoma masomo ya musingi kule Luvungi, kutoka 1975 mupaka 1981, akapanda Bukavu kwa masomo ya sekondari, akapata Diplôme d'État ya pédagogie katika mwaka 1987, na mimi mwenye niliishia katikati ya njia ninawahakikishia kwamba diplôme ile ilitosha sisi wawili.

Alifundisha miaka kadhaa, kisha tarehe 2 février 1998 aliingia katika shirika moja la maendeleo hapa Ibanda, chargé du protocole, kazi yake ilikuwa kupokea wageni, na kila mugeni akishuka ndege Kavumu alikuwa na swali moja tu, "Papa Chrispin, katika muji yenu wanakula vizuri wapi?", na yeye aliona haya kumutuma mutu kwa chungu yenye hajaonja, basi akaanza kuonja, samaki ya Nguba, brochette ya nyama ya mutaa wa Essence, sombe, majani ya muhogo, ya wamama wa soko ya Kadutu, pahali pa nappe nyeupe juu ya meza na pahali pa kukalia casier, sanduku ya chupa za bière, kijiko hapa, kijiko pale, mwishowe akawapangia wageni mutembeo wake mwenyewe, wenye ulianza na sambaza, samaki zile ndogo, pembeni ya ziwa na kuisha na ndizi kule juu Kadutu, na mimi niliona kwa macho yangu mutaalamu mumoja wa Ubelgiji akilia juu ya sombe, wengine watasema ilikuwa pilipili, waseme tu.

Katika mwaka 2017, chef Apollinaire, mwenye iko hapa kati yetu leo, alifungua restaurant yake kule Muhumba na kutangaza jambo lenye tulikuwa hatujalisikia, menu dégustation, sahani saba, moja nyuma ya ingine, kila moja na kitu kidogo katikati kama dawa ya minyoo, na marehemu alikula zote saba kwa heshima, akapangusa mudomo, akamuita, "Chef, asante sana, kuonja tumeonja, sasa mutuletee chakula", watu wakacheka mupaka inje, chef akanuna wiki nzima, kisha akaongeza sahani ya nane, bugali na sambaza, kipimo cha mutu muzima, na ni ile sahani yenye ilimujazia nyumba, chef, sema kama ninadanganya.

Lakini katika mambo yote yale, hakuna siku alisema ni pahali gani pa kwanza kwa utamu, ukimuuliza mbele ya wakubwa, ukimununulia bière ya Primus mbili, tatu, alicheka tu na kujibu, "Niko naonja bado."

Tarehe 21 août 1993 alikuwa ameoa Maman Priscille, binti wa Kavumu, na Mungu aliwapa watoto watatu, Laurette, Cédric na Tatiana, na wajukuu wawili, na hapa lazima niseme kile chenye majirani wanajua, kwamba Maman Priscille alipika sambaza na mboga ya lenga-lenga kila wiki, na kila mara aliuliza, "Na yangu, Papa Laurette, ni ya ngapi?", na yeye alijibu, "Niko naonja bado, Maman Laurette", huku ananyoosha sahani apewe tena, kwake ilikuwa muchezo, lakini kwa bibi yake ilikuwa muiba, sababu kwenye robinet ya maji na kwenye kutoka misa wamama walimuchokoza, "Bwana yako anasifu vyungu vya Bukavu yote, chako atakitaja siku gani?", naye alicheka pamoja nao, akarudi nyumbani, akapika tena.

Katika mwezi wa mai 2024 sauti yake ilianza kukwaruza, akasema ni pilipili, lakini tarehe 17 juin waganga wa hospitali walituambia ni kansa ya koo, tukamuvusha muto Ruzizi, ngambo ya mupaka, apate rayons, miale ya kuchoma kansa, na rayons zilituliza ugonjwa kidogo lakini zilimunyanganya ladha, chumvi na sukari zikawa kwake kitu kimoja, kisha vita iliingia muji, restaurants zikafunga, njia zikafunga, rendez-vous ya pili kwa waganga ikapita, na ndugu yangu akabaki bila ulimi katika muji bila meza, kila kitu ulimupa alisema kwa adabu, "Iko tamu", na kwa neno lile sisi tulijua ameanza kutuacha, maana zamani hakuisema ovyo.

Mwanzo wa octobre 2025 alilazwa, na sonde puani, mupira wa kumulishia, waganga wakakataza kitu chochote kinywani isipokuwa kulowesha midomo, na Maman Priscille aliendelea kuleta supu ya sambaza katika thermos, akichovya kidole na kumugusisha mudomoni, bila kuuliza swali lake tena, na tarehe 10, muchana, mbele ya watoto na mbele yangu, marehemu alimushika mukono na kusema, "Maman Laurette, nimemaliza kuonja, ya kwanza ni yako", mama akalia, akamuambia, "Unanihurumia tu, Papa Laurette, ulimi yako haisikii kitu tena", naye akajibu, tukainama wote kwa kusikia, "Ya Nguba, ya Muhumba, ya Kadutu, zote naitafuta mu kinywa, haiko. Ya kwako ningali naisikia."

Alituacha kesho yake, tarehe 11 octobre 2025, asubuhi, na miaka makumi tano na sita.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wenye walikaa kazini hata wakati dawa ilikosekana, majirani wenye waliacha milango yao wazi kwa ajili yetu, wafanyakazi wenzake wa protocole, na chef Apollinaire mwenye alileta kuni na bugali ya kilio tangu siku ya kwanza, na tukitoka kaburini mutakula kile wamama wa quartier wamepika, maana desturi haimuruhusu mujane kugusa chungu, basi mule na mushukuru, lakini musiulize ni ya ngapi, nafasi ya kwanza imeshatolewa.

Papa Chrispin, kaka, umemaliza kuonja, sasa pumuzika na amani.