Pedi za Mashindano kwenye Gari ya Kumpelekea Mtoto Skuli

Siku uvumilivu wangu ulipokatika, mjomba wa mume wangu alikuwa amekaa ukumbini kwangu Kiembe Samaki, sinia ya halua mapajani. Chumba cha pili mwanangu wa miaka saba amelala, mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti.

"Mwanangu, tushukuru," mjomba akasema. "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Na gari nshakutengenezea, vijana waliileta jana, iko nje."

Nikaisukuma sinia. Halua ikaanguka mkekani.

"Kadari ni ya Mungu, mjomba. Breki ulifunga wewe."

Mama zangu mliokaa hapa, nyote mna watoto walioumizwa barabarani, nyote mshaambiwa mstahamili. Nisikilizeni. Sitataja jina la mtu.

Mjomba ana gereji. Nilimpelekea gari pedi za breki zilipokwisha, nikataka za kawaida. Yeye akatoa pedi za magari ya mashindano, kaletewa na mtu, akazisifu: "Hizi hazichoki hata diski iwe nyekundu kwa moto. Wewe unabeba mtoto, nikufungie takataka?" Akafunga, akafuta mikono, akanipa ufunguo. Basi.

Ndugu zangu, nawaambia niliyokuja kuyajua baada ya ajali, mwanangu yuko hospitali, kwa dereva mmoja wa mashindano niliyempigia simu Bara. Pedi zile hushika zikipata moto. Zikiwa baridi, ni kama umefungiwa ubao. Na zikiwa mpya lazima zizoeshwe na diski: unakwenda kasi kwenye njia tupu, unakanyaga breki kwa nguvu bila kusimama kabisa, unaachia, unarudia, kisha unaendesha taratibu mpaka zipoe. Hakuna aliyezizoesha. Na hata zingezoeshwa, mimi natoka nyumbani kwenda skuli hapo karibu. Moto zitaupata wapi?

Kila asubuhi nikikanyaga breki mara za mwanzo, hazishiki. Nikarudi gereji. Mjomba akaenda na gari mpaka Fumba huko mbali, akirudi pedi zina moto, zinashika. "Ona, inasimama kama ukuta! Tatizo mguu wako, mwanangu. Mguu wa kukanyagia cherehani huo." Mafundi wakacheka. Nikarudi tena, wakacheka tena. Mume wangu akaniambia nisimwaibishe mjomba wake.

Ikaja asubuhi ya mvua, lori likasimama mbele yetu. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili. Gari inakwenda tu. Mwanangu akaniuliza, "Mama, mbona husimami?"

Swali hilo mpaka leo nnalala nalo.

Sasa siku ile ya halua nikatoka nje, nikachungulia ndani ya ringi. Pedi zilezile! Kanyoosha bodi, kapiga rangi, breki kaziacha. Na gari imelala hapo usiku kucha, imepoa. Mjomba akanifuata, nikamtupia ufunguo. "Endesha mpaka ukuta wa jikoni, usimame."

Mama mkwe wangu, dada yake wa kuzaliwa, yuko barazani anatazama. Mjomba akaiondoa gari, akakanyaga breki. Tulimwona anavyokaza mabega. Gari ikaenda, ikaenda, bampa ikagonga ukuta.

Mama mkwe akamuuliza, "Kaka, nawe una mguu wa cherehani?"

Jioni wakaja wazee wa ukoo, eti tuyamalize ndani. Mama mkwe akawaambia, "Mguu wa mjukuu wangu haukukatwa ndani."

Namshukuru yeye, kakosana na nduguye kwa ajili yetu. Namshukuru yule dereva, nanyi mlioniletea chakula hospitali. Mwanangu karudi skuli na magongo yake, anagombana na wenzake kama zamani, alhamdulillahi. Ninalowaachia ni hili: kustahamili si kunyamaza. Na fundi akikwambia kosa ni mguu wako, mwambie aijaribu gari ikiwa imepoa, nawe umesimama hapo.

Asubuhi ya pili baada ya wazee kuja, tulikwenda, mimi na mama mkwe, ofisi inayopokea malalamiko ya wateja. Niliandika hivi:

"Mimi ni mama wa mtoto aliyekatwa mguu. Namlalamikia mwenye gereji aliyeifungia gari ya familia pedi za mashindano. Hakuzizoesha, hakunieleza, na nilipomrudia alinicheka. Sitaki sulhu. Pedi nimezileta. Nataka zijaribiwe zikiwa baridi, mbele yangu. Shahidi wangu ni dada yake."