Mama Apolline na Safu ya Uzito

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, Mama Apolline Nabindu anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya mizigo kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona amekaa mpaka kikombe chake cha chai kikaisha.

Alizaliwa Luvungi, akasomea informatiki, yaani elimu ya kompyuta, mjini Bukavu, akaja Uvira wakati tuna kompyuta mbili na jenereta yenye kelele. Ndiye aliyetuandikia programu za kupokea mizigo, kupanga stoo na kupakia mashua. Ndani ya programu hizo alitia maagizo ya SQL, yaani maneno ambayo programu huyatumia kuiuliza hifadhidata: mzigo huu ni wa nani, uko wapi, una uzito gani. Zilifanya kazi vizuri mpaka yeye mwenyewe alipobadilisha jedwali, yaani orodha ya mizigo ndani ya hifadhidata.

Wateja walikuwa wameanza kuchukua unga na sementi kidogo kidogo, leo mifuko kadhaa, kesho mingine. Safu ya uzito, ambayo zamani ilibeba uzito wa mzigo mzima, ikaanza kubeba uzito wa mfuko mmoja, na idadi ya mifuko ikapewa safu yake. Mama Apolline akarekebisha programu za ofisini, akazijaribu, zikakubali. Sisi tukapongezana.

Yeye hakutulia. Asubuhi iliyofuata alikuwa akienda dirishani na kurudi, anagusa kibodi, anaiacha, mpaka Toussaint, fundi wetu wa kompyuta, akachoka.

“Mama, ikala chini kidogo. Unatuzungusha kichwa.”

“Kule Kalundu, ku gati, banatumia programu gani?”

Kalundu ndiyo bandari yetu, kwenye Ziwa Tanganyika. Gatini kulikuwa na programu ya kupakia mashua, kwenye kompyuta ya zamani ambayo hakuna aliyeikumbuka. Jina la safu lilikuwa lile lile, kwa hiyo programu haikugoma wala kutoa onyo. Ilisoma uzito wa mfuko mmoja ikauhesabu kuwa ni mzigo mzima. Na asubuhi ile mashua ya kwenda mji wa Baraka ilikuwa ikipakiwa.

Simu haikupita. Mama Apolline akapanda pikipiki na kalamu ingali sikioni, akawa anampiga dereva mgongoni aongeze mwendo. Alipofika, abiria walikuwa wameketi juu ya mifuko na kamba ya kwanza imefunguliwa.

“Mushushe mizigo! Mashua isitoke!”

Nahodha Gédéon alikasirika. “Weye mama, unanizuia juu ya nini? Mashini inasema nafasi ingali iko.”

“Mashini inadanganya. Na ni minye niliifundisha kudanganya.”

Alikiri hivyo, kwamba kosa ni lake, mbele ya wapagazi na abiria wote. Watu wakamzomea, mwanamke mmoja akapaza sauti kwamba samaki wake wataharibika. Mama Apolline hakuondoka pale ukingoni. Nahodha akainama, akautazama ubavu wa mashua, kisha akasema polepole:

“Nilikuwa naona maji iko karibu. Nikaamini mashini.”

Habonimana, mkubwa wa wapagazi, akaamuru sementi ishushwe. Kadiri mifuko ilivyoshuka, mashua iliinuka, na kelele za abiria zikapungua zenyewe. Mchana ule upepo ulivuma, ziwa likachafuka vibaya. Mashua ilifika Baraka na watu wake wote.

Mama Apolline angeweza kuitupia lawama kompyuta ile kuukuu. Badala yake alikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi, akamweleza alivyokosea. Tangu hapo tuna utaratibu aliotuwekea: safu ya zamani haibadilishwi maana. Unaongeza mpya yenye jina jipya, unaiacha ya zamani iendelee, unaitafuta kila programu inayoisoma, unairekebisha na kuijaribu pale pale inapotumika. Ya zamani inaondolewa mwisho kabisa. Na kutafuta huko alikufanya kwa miguu, stoo hadi stoo. Espoir wa stoo kuu husema kwamba akimwona tu Mama Apolline anavuka barabara, anajua kuna jedwali litakaloguswa.

Wasiwasi huo haukuwa mzigo mwepesi. Hata likizoni Luvungi alitupigia simu kuuliza kama programu zinakubali, mpaka dada yake Spès akamfichia simu kwenye gunia la mpunga. Tulicheka sana. Lakini tulimwona pia siku ambazo macho yake yalikuwa mekundu, akiuliza swali alilokwisha kuuliza mara mbili, na tukamjibu tena kwa sababu tulijua anaona nini kichwani mwake.

Jumatatu hii alimwambia Toussaint amwondolee ruhusa ya kuingia kwenye hifadhidata, naye akitazama. Kisha akaandika jina lake na neno lake la siri. Kompyuta ikakataa. Akajaribu tena.

“Imenikatala,” akasema.

“Ndiyo, Mama.”

“Muzuri.”

Alisimama kitambo ameshika mgongo wa kiti. Halafu akachukua mkoba wake akatoka, na hakuuliza swali lolote.

Mama Apolline, wafanyakazi wote wa Uvira na Kalundu tunakushukuru. Mungu akupe afya, akupe siku nyingi na watu wako, na moyo wako upumzike. Uende vizuri, Mama yetu.